Mrija wa Glakoma Jichoni: Matatizo Yanayoweza Kuja Baada ya Upasuaji na Namna ya Kuyakabili

Mgonjwa aliyewekewa mrija wa glakoma akipiga simu kliniki kusema jicho limeingia ukungu, swali la kwanza analoulizwa ni tarehe ya upasuaji. La pili ni aina ya mrija. Ukungu wa siku ya tatu, ukungu wa wiki ya tano na ukungu wa mwaka wa tatu ni mambo matatu mbalimbali, na dawa itakayomsaidia mmoja inaweza kumuumiza mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata kalenda. Umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe, ndugu anayemuuguza nyumbani, na mhudumu wa zahanati au kituo cha afya ambaye mara nyingi ndiye anayeliona jicho hilo kabla ya daktari bingwa.

Mrija unafanya kazi gani

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka saa zote. Haya si machozi. Njia ya kutokea ikiziba, presha ya jicho inapanda na kuua polepole neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Huo ndio ugonjwa wa glakoma. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Matone, leza au upasuaji wa kufungua tundu vikishindwa, au jicho likiwa na makovu mengi, daktari huweka mrija. Ncha moja inaingia ndani ya jicho, nyuma ya kioo cha mbele, yaani konea. Ncha ya pili imeungana na bamba dogo lililoshonwa juu ya weupe wa jicho, kwa kawaida upande wa juu wa nje, milimita 8 hadi 10 nyuma ya ukingo wa konea. Maji hupita kwenye mrija, hukusanyika juu ya bamba, kisha hufyonzwa na mwili. Kuzunguka bamba mwili hujenga kifuko cha kovu kwa wiki kadhaa, na unene wa kifuko hicho ndio utakaoamua presha itatulia wapi.

Mrija wa namna hii wa kwanza kutumika kwa mafanikio ulibuniwa na daktari Anthony Molteno huko Cape Town, akautangaza mwaka 1969. Leo iko ya aina mbili kubwa, na lazima ujue wako ni upi:

Yenye valvu, yaani mlango mdogo unaodhibiti maji yanayopita. Inayojulikana zaidi ni Ahmed, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1993. Valvu yake imetengenezwa ifunguke presha ikifika takriban 8 hadi 12, kwa hiyo inaanza kazi siku hiyohiyo.

Isiyo na valvu. Hapa wamo Molteno, Baerveldt, na AADI inayotengenezwa na Aurolab ya Madurai, India, ambayo bei yake nafuu imewafikishia huduma hii wagonjwa wengi wasioweza kumudu mirija ya Marekani. Hii haina cha kuzuia maji yasitoke yote kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo daktari huufunga mrija kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, ambao huachia kati ya wiki ya 4 na ya 6 hivi, kifuko kikishajengeka.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo, kwa sababu wengi hukata tamaa hapo: mrija haurudishi uoni uliokwisha kupotea. Kazi yake ni kulinda uliobaki.

Hatua ya kwanza: kabla ya kutoka wodini

Usiondoke hospitali bila karatasi yenye haya: tarehe ya upasuaji, jicho lipi, jina la mrija, kama umefungwa kwa uzi au la, presha ya siku ya kutoka, dawa zote za jicho lililopasuliwa, dawa zote za jicho la pili, na namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili. Ipige picha uihifadhi kwenye simu yako, na mtumie mtoto au ndugu mmoja. Karatasi hupotea, hulowa mvua, na huachwa mkoba mwingine siku ambayo inahitajika kuliko zote.

Kisha uliza swali hili kwa maneno haya haya: «Matone ya zamani ya presha niendelee nayo kwenye jicho hili, au niyaache?» Kwa mrija wenye valvu, kwa kawaida yanasimamishwa mara moja. Kwa uliofungwa kwa uzi, mara nyingi yanaendelea mpaka uzi uachie, kwa kuwa maji hayana pa kupitia. Jibu analopewa jirani yako wa kitanda cha pili huenda si lako.

Na jicho la pili lisisahaulike. Kila kliniki ya glakoma inawajua wagonjwa walioambiwa «acha matone» wakayaacha macho yote mawili, na baada ya miezi mitatu jicho ambalo halikupasuliwa ndilo lililoharibika. Jicho ambalo halikuguswa linaendelea na dawa zake kama kawaida mpaka daktari aseme vingine.

Hatua ya pili: siku 14 za kwanza, presha ikishuka mno

Hatari kubwa ya kipindi hiki ni presha kuwa chini kupita kiasi, yaani 5 au pungufu. Maji yanavuja pembeni ya mrija, au valvu imeachia kuliko ilivyotarajiwa, au uzi haukukaza vizuri. Jicho linalegea kama mpira uliopungua upepo: nafasi kati ya konea na irisi, yaani duara lenye rangi linaloizunguka mboni, inabana, na maji yanajikusanya nyuma, chini ya tabaka lenye mishipa ya damu. Mgonjwa anaona ukungu, au kivuli kinachomfunika kutoka pembeni, na jicho linakuwa na maumivu ya kuvuta.

Presha ikishuka kwa kiasi, mara nyingi jicho hurekebika lenyewe kwa siku au wiki chache chini ya uangalizi. Daktari atatoa matone ya atropini kuitanua mboni na kuirudisha irisi nyuma, ataongeza matone ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na atahakikisha hakuna tone la presha linaloingia jicho hilo. Nafasi ile ya mbele ikibana sana hadi mrija au lenzi kuigusa konea, hudunga ute mzito ndani ya jicho ili kuirudisha nafasi, au humrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji kuufunga mrija kwa muda.

Kinachoogopwa zaidi ni kutoka damu ndani ya jicho, sehemu ya nyuma. Huja ghafla, mara nyingi mgonjwa akikohoa, akijikamua chooni au akinyanyua mzigo wakati presha iko chini. Dalili zake hazina mashaka: maumivu makali yanayoingia kwa mara moja, kutapika, na uoni kupotea papo hapo. Hilo ni la kukimbilia hospitali usiku huohuo. Walio na hatari zaidi ni wazee, wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na waliokwisha kufanyiwa upasuaji mwingi wa jicho. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiziache wala kuzirudia kwa uamuzi wako. Daktari wa moyo na wa macho wakubaliane kwanza.

Kinga ya nyumbani kwa wiki hizi ni ya kawaida kabisa, lakini inamwokoa mtu:

Usibebe ndoo ya lita 20, mkononi wala kichwani. Usifue kwa kuinama, usilime, usipande milima ya ngazi na mizigo. Kikohozi kitibiwe mapema. Ukihisi chafya inakuja, iachie mdomo wazi, usiibane. Choo kisiwe kigumu: papai, mboga za majani na maji ya kutosha, na kama bado ni kigumu omba dawa ya kulainisha. Kwa mzee anayetumia choo cha kuchuchumaa, mtafutie kiti cha choo au ndoo ya kukalia kwa wiki hizi. Kulala, weka mto ulioinuka kidogo na uvae kikinga jicho cha plastiki kila usiku, kwa sababu mkono wa mtu aliyelala haujui kuna mshono.

Kwa Waislamu, maswali mawili huja kila mara, na yafaa yajibiwe kabla hayajaulizwa. La kwanza ni sijida. Kuinamisha kichwa hadi chini hupandisha presha ya jicho kwa muda na kulivuta jeraha, kwa hiyo mgonjwa asali ameketi kwenye kiti, akiashiria kwa kichwa, mpaka daktari amruhusu. La pili ni udhu. Maji yasiingie jichoni. Mgonjwa azungumze na imamu wake kuhusu kutayamamu au kupangusa. Ruhusa ya mgonjwa ni jambo linalofahamika, na masheikh wengi humjibu vizuri mtu akieleza hali yake. Nimeona wazee wakijikaza kimya kimya kwa kuona haya kuuliza. Anayemuuguza amuulizie.

Kutia matone bila kuliumiza jicho

Mengi yanayoitwa «mrija umeshindwa» huanzia hapa, basi nitakwenda taratibu.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, uikaushe kwa kitambaa safi.
2. Mgonjwa alale chali au aegemeze kichwa nyuma. Futa matongo kwa pamba iliyolowekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka upande wa pua kwenda nje. Pamba ikishapita mara moja, tupa.
3. Vuta kope la chini kwa kidole ukilikandamiza kwenye mfupa wa shavu, usiliguse jicho lenyewe.
4. Dondosha tone moja kwenye mfuko huo wa kope. Mdomo wa chupa usiguse kope wala kucha.
5. Mgonjwa afumbe jicho polepole, bila kulikamua, huku ukibonyeza kidogo pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hapo dawa inabaki jichoni badala ya kushuka kooni na kuingia kwenye damu.
6. Kama kuna dawa nyingine, subiri dakika 5.

Wanja, maziwa ya mama, maji ya majani, asali na dawa yoyote ya kienyeji visikaribie jicho hili, leo wala mwaka ujao. Wanaovileta huvileta kwa mapenzi. Waeleze kwa upole kwamba jicho hili lina njia ndani yake, na uchafu unaweza kuifuata.

Hatua ya tatu: wiki ya 4 hadi ya 12

Hiki ni kipindi ambacho mgonjwa anadhani amepona, anafunga safari kurudi kijijini, na ndipo mambo yanapogeuka. Kwa mirija miwili ile yanageuka kwa njia zinazopingana.

*Mrija usio na valvu.* Uzi unapoyeyuka, maji yanaachia ghafla. Siku moja, hasa kati ya wiki ya 4 na ya 6, mgonjwa anaamka uoni umeshuka, jicho linauma kidogo, pengine limekuwa jekundu. Presha iliyokuwa 25 inaweza kuwa 4. Hapa matone ya presha yaliyokuwa yanaokoa jicho yanaanza kulidhuru. Piga simu siku hiyohiyo. Mara nyingi utaambiwa yasimamishe yote ya jicho hilo na uende kupimwa, kisha atropini na steroidi zitaongezwa. Ukipanga miadi, wiki ya 5 na ya 6 zisipite bila kupimwa. Kama unakaa mbali, ni heri kubaki kwa ndugu karibu na hospitali kwa siku hizo kuliko wakati mwingine wowote.

Kinyume chake pia hutokea. Uzi bado umeshika na presha inapanda. Daktari ana dawa za kuongeza wakati tunasubiri, na akiona hatari anaweza kuukata uzi kwa leza, au kuutoa uzi mwingine wa ndani ya mrija kama aliuweka.

*Mrija wenye valvu.* Mambo yalianza vizuri, presha 10 au 12. Kisha kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu inapanda, wakati mwingine hadi 30. Kifuko cha kovu kinajengeka, na kwa muda ni kinene na kimevimba. Hii ni hali inayowapata wagonjwa wengi wa Ahmed, na haina maana kwamba upasuaji umekwenda bure. Daktari huongeza matone ya kupunguza utengenezaji wa maji, na kwa sehemu ya wagonjwa presha hushuka tena kifuko kikilainika katika miezi inayofuata. Kuna daktari atakayekufundisha kulichua jicho kwa kidole ili kusukuma maji. Kama hukufundishwa, usijaribu.

Presha ya 30 haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo wiki sita akila, akilala na kucheka, huku neva ikifa. Nauli ya kwenda kupimwa katika kipindi hiki ni sehemu ya gharama ya upasuaji, na ningependa familia ziiweke akiba kabla ya siku ya kulazwa.

Kuhusu dawa zinazoongezwa, mhudumu aulize kuhusu afya ya mwili mzima wa mgonjwa kabla ya kulitazama jicho. Timololi haifai kwa mwenye pumu wala mwenye mapigo ya moyo ya polepole. Tone moja linaweza kumbana kifua. Vidonge vya asetazolamaidi, ambavyo wengi wanavijua kama Diamox, vinaleta ganzi ya vidole na kukojoa sana, jambo linalovumilika, lakini ni hatari kwa mgonjwa wa seli mundu, kwa mwenye ugonjwa wa figo na kwa aliyewahi kudhurika na dawa za salfa. Brimonidini isitumike kwa mtoto mchanga, humlaza usingizi hadi pumzi ikashuka.

Steroidi nazo zina pande mbili. Ukiziacha ghafla wiki ya tatu kwa kuwa jicho limekuwa jeupe, uvimbe unarudi na kovu linakua. Ukiendelea kujinunulia chupa dukani miezi sita kwa kuwa zinatuliza, steroidi zenyewe zinapandisha presha na kuleta mtoto wa jicho. Zinapunguzwa kwa ngazi, kwa kawaida ndani ya miezi miwili hadi mitatu, na ngazi hizo ziandikwe.

*Mrija kuziba* kunaweza kutokea wakati wowote: bonge la damu, utando wa uvimbe, kipande cha irisi, au ute wa ndani ya jicho kwa aliyekwisha kuondolewa mtoto wa jicho. Presha hupanda ghafla. Kulingana na kilichoziba, daktari atatumia steroidi zaidi, leza, au atausafisha mrija chumba cha upasuaji.

Hatua ya nne: miaka inayofuata

Mirija ya glakoma ilishindanishwa na upasuaji wa kawaida wa kufungua tundu katika utafiti wa TVT (Tube Versus Trabeculectomy), uliohusisha wagonjwa 212, wengi wao Marekani. Matokeo ya miaka 5 yalichapishwa mwaka 2012. Upande wa mrija, waliopata uvimbe wa kudumu wa konea walikuwa 16 kwa kila 100, wanaoona vitu viwili 6, na waliotokezwa na mrija 5. Hivyo basi wengi hawapati lolote kati ya haya. Lakini aliyepasuliwa ana mrija huo maisha yote, na matatizo haya hayatangazi siku yatakayokuja.

*Mrija kutokeza.* Hili ndilo ningetaka kila mwenye mrija na kila muuguzi alijue kwa macho yake. Juu ya mrija daktari alishona kiraka cha tishu, kisha akakifunika kwa utando laini wa jicho. Miaka ikienda, kope likisugua kila linapopepesa, kiraka kinaweza kulika na utando ukafunguka. Mara nyingi hakuna maumivu. Mgonjwa anasema tu jicho linakwaruza au linatoa machozi.

Lichunguzeni mara moja kwa mwezi. Keti penye mwanga wa dirisha au shika tochi ya simu kutoka pembeni, isimulike moja kwa moja. Mwambie mgonjwa atazame chini akielekea puani. Inua kope la juu kwa kidole gumba na ulishikize kwenye mfupa wa nyusi, bila kulibonyeza jicho. Karibu na ukingo wa konea utaona mahali palipo peupe na pazito kuliko pengine: hicho ndicho kiraka, nacho kinapaswa kufunikwa na utando wenye unyevu na vishipa vyembamba. Nyuma zaidi panaweza kuwa na mwinuko laini, maji yaliyo juu ya bamba. Kwenye jicho lenye irisi nyeusi, ncha ya mrija itaonekana ndani ya konea, angavu, nyembamba chini ya milimita moja. Hapo ndani ndipo inapostahili kuwa. Ukiuona mrija huo unang'aa nje, mkavu, hauna kitu juu yake, na pembeni utando umejikunja mwekundu, mrija umetokeza. Piga picha yenye kuonekana vizuri uitume kliniki, kisha safari ianze siku hiyo au kesho yake.

Hakuna tone litakalouotesha utando juu ya mrija ulio wazi. Tiba ni upasuaji wa kuufunika upya kwa kiraka kingine, cha sklera (weupe wa jicho), konea au ngozi inayozunguka moyo, au kuuondoa. Wakati wa kusubiri, matone ya antibayotiki na kikinga cha plastiki. Usilifunge jicho kwa bandeji ya kubana.

*Maambukizi ndani ya jicho.* Ndiyo sababu ya haraka yote hiyo. Jicho linakuwa jekundu, linauma, uoni unashuka ndani ya saa au siku chache, mwanga unachoma, na wakati mwingine usaha mweupe unaonekana umetuama chini ndani ya konea. Vidonge na matone ya dukani havitoshi. Dawa kama vankomaisini na seftazidimu hudungwa ndani ya jicho lenyewe na daktari wa macho. Kwa mhudumu wa kituo cha afya: usilipe jicho hili jina la «macho mekundu» na kulitia matone ya kloramfenikoli tu likarudi nyumbani. Jicho lenye mrija likiwa jekundu na linauma, kazi yako ni kupima uoni, kuandika, kupiga simu na kusafirisha. Mwambie mgonjwa asile njiani mpaka azungumze na daktari, huenda akaingia chumba cha upasuaji.

*Konea kuwa na ukungu.* Mrija uliokaa karibu mno na konea huua taratibu seli zinazoifanya iwe angavu. Dalili ya mwanzo ni rahisi kuikosa: ukungu asubuhi, unaopungua kufikia mchana. Ukiambiwa hivyo na mgonjwa, usimwambie ni uzee. Mrija unaweza kuhamishwa nyuma zaidi kabla konea haijaharibika. Ikishaharibika, kinachobaki ni kupandikizwa konea, huduma ambayo ni adimu na ina foleni ndefu.

*Kuona vitu viwili.* Bamba limekaa kati ya misuli inayozungusha jicho, na likiwa kubwa huizuia. Funika jicho moja, kisha la pili. Picha ya ziada ikitoweka kila unapofunika jicho lolote, tatizo ni mpangilio wa macho mawili, na miwani yenye prizimu inaweza kusaidia. Ikibaki hata jicho moja likifunikwa, sababu imo ndani ya jicho hilo, mtoto wa jicho kwa mfano. Katika wiki za mwanzo huenda ni uvimbe tu na utaisha.

*Presha kurudi juu.* Kifuko kimekuwa kinene. Wagonjwa wengi wenye mrija hurudia tone moja au mawili ya presha, na huko si kushindwa. Yasipotosha, kuna mrija wa pili sehemu nyingine ya jicho, au leza ya kupunguza utengenezaji wa maji.

Mtoto mwenye mrija

Mtoto haelezi, anasugua. Jicho lake linakua na mrija unaweza kuchomoka kutoka ndani, au ukasogea hadi kuigusa konea. Akifumba kope kwa kukimbia mwanga, machozi yanatiririka, konea inakuwa ya kibuluu au jicho linaonekana kubwa kuliko lenzake: mpeleke. Vipimo vya mtoto mdogo hufanyika akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na hilo linawaogopesha wazazi hadi wanaruka miadi. Muulizeni daktari kila kitu mnachokiogopa, lakini miadi msiiruke. Mvalisheni kikinga usiku, mkateni kucha, na mwalimu wake aambiwe ni jicho lipi.

Barua ya rufaa na siku ya kliniki

Mhudumu anayempeleka mgonjwa aandike: uoni wa kila jicho kwa chati, au kama anahesabu vidole, anaona mkono au mwanga tu, jicho lenye mrija na tarehe yake, dalili zilianza lini, saa ngapi kama ni ghafla, konea ni angavu au ina ukungu, kuna usaha ndani au hakuna, mrija umefunikwa au umetokeza, dawa zilizotiwa na saa ya mwisho. Kama ana karatasi ya fluoresini (rangi ya kupimia jicho) na mwanga wa buluu, aangalie kama maji yanavuja juu ya kidonda. Asilibonyeze jicho kukisia presha.

Mgonjwa naye aje na chupa zake zote, hata zilizokwisha, katika mfuko mmoja. Daktari anajifunza mengi kwa kuona chupa ya mwezi mmoja iliyojaa bado, au tatu za dawa ileile zilizonunuliwa maduka tofauti kwa majina tofauti. Kama nauli ilikosekana au dawa ilikuwa ghali ukaiacha, sema hivyo wazi. Ipo dawa ya bei nafuu inayoweza kuchukua nafasi, na ipo kliniki ya macho ya mkoa inayoweza kupima presha katikati ya safari mbili za hospitali ya rufaa.